Kilo Mia Juu ya Vichwa vya Watu

Kamati ya harusi inapokaa kupanga bajeti huko Rugu, moja ya kata za wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, kifungu cha muziki hakikosi ubishi. Mmoja anaona muziki wa kawaida unatosha. Mwingine anataka "mziki mnene". Wa tatu anakumbusha kwamba kwa jirani mwaka jana spika zilipangwa zikafika usawa wa paa la tenti, na hapendi familia ionekane imeshindwa. Fundi mitambo akifika anaulizwa ana wati ngapi, ana besi ngapi na jenereta yake ni ya ukubwa gani. Swali lisiloulizwa ni hili: vyote hivyo vina kilo ngapi, na vitashikiliwa na nini?

Kwa mafundi wanaofunga mitambo ya matamasha makubwa duniani, hilo ndilo swali la kwanza. Kwao spika ni mzigo kabla ya kuwa kifaa cha umeme, na ni kifaa cha umeme kabla ya kuwa chombo cha sauti. Mpangilio huo wa mawazo haugharimu fedha nyingi, na ndio unaotofautisha shughuli inayoisha salama na ile inayoishia hospitali.

Karagwe na wilaya jirani ya Kyerwa hazikosi shughuli za kufungiwa muziki: harusi na sendofu, jubilei za makanisa, mikutano ya injili, kampeni za uchaguzi, mapokezi ya Mwenge. Mkoa wenyewe umewahi kubeba sherehe ya kitaifa, pale kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru kilipofanyika Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, tarehe 14 Oktoba 2022. Sherehe ya namna ile hupata wahandisi, askari na muda wa maandalizi. Harusi ya kijijini ina fundi mmoja, vijana wawili wa kubeba na kamati yenye haraka. Mvuto wa ardhi ni uleule.

Kwa nini rundo huwa kubwa

Sauti ikitoka kwenye spika hutawanyika, na kadiri inavyotawanyika ndivyo inavyopungua. Uwanjani, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti ya spika ya kawaida hushuka kwa desibeli 6 hivi. Tuseme rundo la spika linatoa desibeli 105 kwa mtu aliyekaa mita 5 mbele yake. Aliye mita 10 atapata 99, aliye mita 20 atapata 93, na mzee aliyekaa nyuma kabisa, mita 40, atapata 87. Mzee analalamika hasikii hotuba vizuri. Kamati inamwendea fundi: ongeza. Fundi anaongeza, na watoto waliokaa mbele ya besi ndio wanaolipia.

Dawa ya tatizo hilo si lazima iwe rundo kubwa zaidi. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuinua spika juu, ili umbali wa kumfikia mtu wa mbele na wa nyuma usipishane sana. Ya pili ni kugawa: spika mbili za wastani kwenye jukwaa, na nyingine mbili katikati ya uwanja kwa ajili ya watu wa nyuma. Hizo za katikati zinahitaji kucheleweshwa kidogo, kwa sababu sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20, hali ya hewa ambayo wakazi wa nyanda za Karagwe wanaijua vizuri. Spika iliyo mita 34 kutoka jukwaani ikicheleweshwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, sauti zote mbili humfikia msikilizaji kwa pamoja na maneno hayarudiwi. Miksa nyingi za kidijitali zinaifanya kazi hiyo kwa kubonyeza kitufe.

Njia ya kugawa ina faida nyingine ambayo haitajwi sana. Spika nne za kilo 20 hadi 25, kila moja kwenye stendi yake, ni mzigo ambao kijana mmoja anaumudu. Boksi la besi lenye koni mbili za inchi 18 huwa na uzito wa kati ya kilo 80 na 120. Likimwangukia mtu, hakuna cha kujadili.

Matamasha makubwa yalichagua njia ya kuinua. Mwaka 1992 mwanafizikia Mfaransa Christian Heil na kampuni yake ya L-Acoustics walileta mtambo wa V-DOSC, safu ya spika zinazoning'inizwa moja chini ya nyingine na kufanya kazi kama chanzo kimoja kirefu cha sauti. Mtindo huo ukaenea dunia nzima. Ndiyo ile mikunjo mirefu myeusi inayoonekana kwenye picha za matamasha, pande zote mbili za jukwaa. Boksi moja la K1 la kampuni hiyohiyo lina kilo 106. Ukipanga kumi na mbili upande mmoja zinafika kilo 1,272, kabla ya kuhesabu fremu, minyororo na nyaya. Gari dogo zima linaning'inia juu ya watu wanaocheza, na linaning'inia salama kwa sababu kila kipande cha chuma kati yake na paa kimepigiwa hesabu.

Chini kabla ya juu

Vijijini spika nyingi haziningʼinizwi, hupangwa chini. Hapo nako kuna mtego. Uwanja wa shule uliolowa mvua ya asubuhi huonekana mgumu saa nne, kisha besi inapoanza kutikisika mguu mmoja wa meza unazama taratibu. Kreti za soda zilizogeuzwa kuwa msingi husogea milimita kwa milimita kila besi inapopiga, na saa tatu za muziki zinatosha kulifikisha boksi la juu ukingoni.

Fundi mwangalifu huanza na ubao mpana chini ya rundo lote. Mizito hukaa chini, miepesi juu, na rundo zima hufungwa pamoja kwa mikanda ya kukazia mizigo, ileile wanayotumia madereva wa Fuso. Stendi za miguu mitatu hufunguliwa mpaka mwisho, kisha hutundikiwa kiroba cha mchanga katikati. Halafu unawekwa uzio. Kanuni yake ni nyepesi: rundo la mita 3 likilala linafika mita 3, kwa hiyo kamba ya uzio inakaa mbali zaidi ya hapo, pande zote ambazo rundo linaweza kuangukia. Kamba peke yake haizuii watoto. Anahitajika mtu mzima wa kusimama hapo, na kamati ndiyo inayopaswa kumtoa, maana fundi yuko kwenye miksa.

Kuningʼiniza ni kazi nyingine kabisa, na watu wengi hukosea kwa kuamini kwamba kinachobebeka kinaning'inizika. Maboksi mengi yanayozunguka katika harusi zetu yamechongwa na maseremala wa hapahapa kwa plaiwudi na kupakwa rangi nyeusi, na mengi yanatoa sauti nzuri. Lakini tazama kishikio chake cha pembeni. Kimeshikwa na skurubu nne fupi zilizoingia kwenye ubao, na kiliwekwa ili watu wawili walinyanyue boksi kutoka garini. Skurubu hizo zikivutwa kwenda juu kwa saa sita mfululizo, huku boksi lenyewe likitetemeka, zinajichomoa kidogo kidogo bila mtu kuona. Boksi ambalo halikutengenezewa sehemu za kuningʼinizia, zilizoungana na fremu ya chuma ndani yake, mahali pake ni chini.

Hata boksi lililotengenezewa kazi hiyo linategemea vitu vidogo. Chuma cha kunyanyulia mizigo, iwe pingu, ndoano au bolti ya pete, huwa kimegongwa maandishi ya uzito kinaoruhusiwa kubeba. Kisicho na maandishi ni cha kufungia geti. Juu ya hapo huongezwa akiba: vifaa vya kunyanyulia kwa kawaida huchaguliwa ili nguvu ya kuvikata iwe mara 5 ya mzigo, na panapokuwa na watu chini mafundi wengi hutumia mara 10. Spika ya kilo 100 basi inashikwa na kitu ambacho hakikatiki mpaka kifikie kilo 1,000. Akiba hiyo si ubadhirifu. Inafidia kutu, mtikisiko, upepo na makosa ya binadamu, ambayo yote hufika siku moja.

Pembe nazo hudanganya. Mzigo wa kilo 500 ukishikwa na kamba mbili za chuma zinazopanda karibu wima, kila kamba inabeba kilo 250 na ushei. Kamba hizo zikilazwa mpaka pembe ya nyuzi 45 kutoka usawa wa ardhi, kila moja inavutwa kwa kilo 354. Zikilazwa mpaka nyuzi 30, kila moja inavutwa kwa kilo 500 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Bolti ya pete ina hila kali zaidi: imetengenezwa kuvutwa moja kwa moja kwenye mstari wake, na ikivutwa kwa pembe ya nyuzi 45 hubaki na chini ya theluthi moja ya nguvu yake.

Kamba ya manila, rafiki wa kila jukwaa la kijijini, haina nafasi katika hesabu hii. Fundo peke yake huweza kuipunguzia nguvu hadi nusu, jua huila nyuzi zake, na taa ya moto ikikaa karibu inaiunguza. Ifunge maua.

Kisha kuna swali la mahali pa kutundikia. Kenchi za kanisa au ukumbi zilipigiwa hesabu ya kubeba mabati, upepo na pengine dari. Hazikupigiwa hesabu ya spika zinazotikisika. Kagera ina sababu ya ziada ya kuuliza: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu, likabomoa nyumba na kuacha nyufa katika majengo mengi ya mkoa. Ukuta uliopigwa plasta upya juu ya ufa hauoneshi kilicho ndani yake, na bolti inayochimbwa hapo inashika plasta. Kabla ya kutundika chochote cha kudumu kanisani, anayefaa kutazama ni mhandisi wa majengo. Ofisi ya halmashauri inaweza kuelekeza apatikane wapi.

Makosa ya uzito hayachagui nchi. Tarehe 28 Julai 2022, katika tamasha la kundi la Mirror kwenye ukumbi wa Hong Kong Coliseum, skrini kubwa iliyoning'inizwa iliwaangukia wachezaji jukwaani na mmoja akaumia vibaya uti wa mgongo. Wachunguzi walikuta kamba ya chuma iliyokatika, na wakakuta pia kwamba uzito wa vifaa uliotajwa kwenye nyaraka ulikuwa pungufu ya uzito halisi. Miaka kumi kabla yake, tarehe 16 Juni 2012, paa la jukwaa lilianguka katika bustani ya Downsview jijini Toronto, Kanada, mashabiki wa bendi ya Radiohead wakiwa hawajafunguliwa milango. Scott Johnson, fundi wa ngoma wa bendi hiyo, alifariki akiwa na miaka 33. Dhoruba haikuwepo. Uchunguzi wa kifo chake uliofanyika mwaka 2019 ulieleza makosa katika usanifu na ujengaji wa jukwaa lenyewe.

Bango linapogeuka tanga

Harusi za kiangazi, miezi ya Juni hadi Agosti, hukwepa mvua na kukutana na upepo. Mwanzoni jukwaa lililojengwa kwa mirunda ya mikaratusi au mabomba ya chuma huwa tupu, na upepo unapita. Kisha linakuja bango lenye picha ya maharusi, mita 3 kwa 4, na linafungwa kwenye nguzo zilezile zinazobeba spika. Kuanzia hapo jukwaa lina tanga.

Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, unaoyumbisha miti midogo, husukuma bango la mita 12 za mraba kwa nguvu ya karibu kilo 75. Dhoruba ya mita 20 kwa sekunde inalisukuma kwa kilo 300. Nguzo iliyofukiwa futi moja ardhini haina jibu kwa kilo 300 zinazosukuma kutoka juu.

Haya yalionekana mbele ya kamera tarehe 13 Agosti 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani. Umati ulikuwa ukisubiri bendi ya Sugarland ipande. Upepo uliotangulia mvua ya radi ulilipiga paa la jukwaa lililobeba taa na spika, likaporomoka juu ya watu. Saba walikufa na zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Ripoti za uchunguzi zilizotolewa mwaka uliofuata zilibainisha mambo mawili. Kwanza, kamba za kukazia jukwaa zilifungwa kwenye vizuizi vya zege vilivyowekwa tu juu ya ardhi, na vikateleza. Pili, hakuna aliyejua kwa uhakika nani mwenye mamlaka ya kusimamisha onyesho. Wakuu walikuwa wanashauriana, dakika zikaenda.

Jambo la kwanza lina tiba ya kiufundi: bango lifungwe kwenye nguzo zake lenyewe, mbali na spika, kwa kamba nyepesi zitakazokatika au mtu atakazoweza kuzikata haraka, na kamba za jukwaa zifungwe kwenye vigingi virefu vilivyopigiliwa ardhini. La pili lina tiba ya maneno tu. Kamati imteue mtu mmoja kabla ya siku yenyewe, jina lake litajwe mbele ya fundi, mshereheshaji na mwenye shughuli, na ikubaliwe kwamba akisema "shusha" hakuna wa kumbishia, awe baba wa bibi harusi au mgeni rasmi.

Mvumo na pini iliyokatwa

Kati ya hatari zote, umeme ndio unaoua kimya kimya, na mara nyingi mlango wake hufunguliwa na mtu aliyetaka kusafisha sauti. Vifaa vinapounganishwa kwenye soketi mbili tofauti, spika huanza kutoa mvumo mzito usiokoma. Njia ya mkato inajulikana na mafundi wa mabara yote: kata pini ya ethi, au chomoa ule waya wa kijani na njano, na mvumo unanyamaza. Fundi anasifiwa. Tangu dakika hiyo, hitilafu yoyote ndani ya amplifaya haina njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia mwili wa atakayeshika kipaza sauti.

Ndivyo alivyokufa Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, tarehe 3 Mei 1972 huko Swansea, Wales. Alishika kipaza sauti akiwa na gitaa mikononi, katika mfumo ambao haukuwa na ethi ya kuaminika. Tarehe 30 Oktoba 2005, mchungaji Kyle Lake wa Waco, Texas, alisimama ndani ya maji ya ubatizo, akanyoosha mkono kuvuta kipaza sauti, akapigwa na umeme mbele ya waumini wake. Makanisa ya Karagwe na Kyerwa yanayobatiza kwa maji mengi yana somo la wazi hapo: karibu na maji kitumike kipaza sauti kisicho na waya, kinachotumia betri, na mbatizaji asiguse chochote kilichounganishwa na umeme.

Mvumo una dawa salama. Vifaa vyote vya jukwaani na miksa vichukue umeme kutoka sehemu moja, na nyaya za sauti zitenganishwe na nyaya za umeme. Ukibaki, viko visanduku vidogo vya kutenganishia mawimbi ya sauti ambavyo huukata bila kugusa ethi. Chanzo cha umeme nacho kiwekewe breka inayokata umeme unapovuja. Iliyo ya kawaida kwa kulinda watu hukata uvujaji unapofikia miliampia 30. Jenereta inahitaji chuma chake cha ethi kilichopigiliwa ardhini. Ikae nje, upande ambao upepo haurudishi moshi kwa watu, na izimwe kabla ya kuongezewa mafuta.

Ukubwa wa waya hufuata hesabu, si macho. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Waya wa milimita za mraba 2.5 hubeba takribani ampia 20, yaani wati 4,600. Ukiuomba ubebe spika, taa, friji ya vinywaji na jiko la umeme la mpishi, utakuomba radhi kwa moshi. Ekstensheni za kuzungusha kwenye gurudumu zina mtego wa pekee, na mtego huo umeandikwa pembeni mwa gurudumu lenyewe kwa herufi ndogo: wati 3,000 na kidogo waya ukiwa umefunguliwa wote, karibu wati 1,000 tu ukiwa umezungushwa. Waya uliojiviringa hushindwa kutoa joto lake, plastiki inalainika ndani ya mzunguko, na wa kwanza kujua ni pua.

Angalia juu pia. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imepeleka nguzo za umeme katika vijiji ambavyo miaka 15 iliyopita vilikuwa gizani, na mara nyingi laini hupita kando ya viwanja vya shule na minada. Nguzo ya chuma ya spika ikisimamishwa karibu na laini hizo inaweza kuzigusa ikiwa inanyanyuliwa tu. Kipimo cha chini kinachotumika sana duniani kwa laini za hadi volti 50,000 ni mita 3 kutoka kwenye waya hadi chochote, hata ncha ya bomba linaloyumba. Magari ya matangazo yenye spika kwenye keria yana hatari hiyohiyo barabarani, hasa pale kijana anapopanda juu kuziweka sawa.

Kuunganisha shughuli na umeme wa TANESCO si kazi ya aliyezoea. Mafundi umeme nchini hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, na kamati ina haki ya kuomba kuiona. Shughuli ikiwa ni sehemu ya kazi ya watu, kama tamasha la biashara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inawahusu wanaopanda na kubeba, na msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA.

Wingu likitanda

Ukanda unaozunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na katika nchi jirani ibada zimeguswa zaidi ya mara moja. Tarehe 10 Machi 2018 radi iliua watu 16 katika kanisa la Waadventista huko Nyaruguru, kusini mwa Rwanda. Tarehe 2 Novemba 2024 radi ikaua watu 14, wengi wao watoto, waliokuwa kwenye maombi katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, Uganda. Walikuwa wamejikinga mvua ndani ya jengo la mabati.

Nguzo ndefu ya chuma yenye spika, iliyosimama peke yake kwenye kilima, huwa kitu cha kwanza ambacho radi inakikuta, na nyaya zinaisambaza mpaka mkononi mwa anayehubiri. Kanuni ya kuhesabu ni hii: muda kati ya mwanga na ngurumo ukiwa sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi na shughuli isimame, irudi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Vipaza sauti vinawekwa chini, nyaya zinachomolewa mapema kabla wingu halijafika, na watu wanaondoka kwenye tenti, miti na uwanja wazi. Basi au gari lenye bodi ya chuma, madirisha yamefungwa, linakinga kuliko kibanda cha mabati.

Hatari ya mwisho wakati muziki unapiga ni kelele, na haiangushi mtu papo hapo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha usikivu salama katika kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100 kwa kipindi chochote cha dakika 15, kipimo kisomwe muda wote, na wasikilizaji wawe na sehemu tulivu ya kupumzikia. Tanzania nayo ina kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kwa kamati ya kijiji, programu ya simu ya kupima desibeli haina usahihi wa kipimo cha maabara, lakini inatosha kuonesha kwamba meza ya bibi yake bibi harusi imewekwa mahali pabaya.

Ajali za kubeba nazo huweza kuja baada ya muziki kuzimwa. Ni saa saba usiku, vijana wamechoka, wengine wamekunywa, jenereta imezimwa ili kuokoa mafuta na boksi la kilo 100 linashushwa kwa mwanga wa simu. Mkataba wa muziki unapoandikwa, basi, uweke pia gharama ya saa mbili za taa baada ya shughuli, watu wanne wasiokunywa, chakula chao, na ruhusa ya kuacha spika chini ya mlinzi mpaka asubuhi endapo mvua itakuwa imeanza. Ulinzi wa usiku mmoja ni gharama ndogo ambayo kamati yoyote inayoweza kulipia bango la mita 12 za mraba inaweza kuimudu.